Waungwana wa Pemba na Fundi wa Chokaa

Kaskazini mwa Pemba, kuanzia Mgogoni hadi Konde na kuteremka Tumbe mpaka Chwaka, habari za watawala wa kale husimuliwa kwa majina mawili: Mkama Ndume na mwanawe Haruni. Baba alikaa Pujini, kusini zaidi, ndani ya boma lake. Mwana alikaa Chwaka, na magofu yaliyobaki kule pwani mpaka leo huitwa ya Haruni. Wasimulizi wakimfikia baba hawana huruma naye. Husema alikuwa dhalimu wa kupindukia, aliyewatumikisha watu wabebe mawe kichwani huku wakijikokota kwa makalio. Hadithi hiyo iliwavutia hata wageni walioandika habari za Pemba karne iliyopita, na kila anayegusa historia ya kisiwa huirudia. Lakini ndani yake wamo waliobeba mawe na aliyewabebesha, basi. Aliyeyapokea mawe yale, akayapanga na kuyashika kwa chokaa hata kuta zikasimama miaka 500, hatajwi.

Nataka kumtaja yeye. Mtu akitaka kuelewa utawala wa waungwana wa Pemba, naona aanze kwa fundi huyu kabla ya kufika kwa mfalme. Kisiwa hakikuwa na mfalme mmoja mwenye jeshi la kutisha. Kilikuwa na mpunga, mikoko, hori za bahari zinazoingia ndani kabisa ya nchi, na miji midogo iliyotazamana kwa wivu. Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa jiografia aliyefariki mwaka 1229, alikiita Kisiwa cha Kijani, akaeleza kwamba kina miji miwili, Mtambwe na Mkumbuu, na kila mji una sultani wake asiye chini ya mwenzake. Miji hiyo yote iko pwani ya magharibi, ni majirani. Katika nchi ya namna hiyo mkubwa hawezi kuegemea upanga peke yake. Jirani naye ana upanga, na watu wakichoshwa wanapakia vyombo vyao kwenye mtumbwi wanahamia ng'ambo ya hori. Mkubwa lazima aonekane mkubwa, na macho ya watu yaridhike. Hapo ndipo alipomhitaji mwashi.

Mwashi huyo alikuwa na mawe ya aina mbili, yote asili yake bahari. Moja ni la nchi kavu, matumbawe ya zamani mno yaliyobaki juu bahari iliposhuka: gumu, lenye mashimo, lenye kingo zinazokata mikono. Hilo huvunjwavunjwa na kujazwa ukutani ndani ya chokaa. La pili ni tumbawe la baharini ambalo wataalamu huliita Porites. Hilo hutolewa maji yanapokupwa, au kwa kuzamiwa, likiwa bado bichi. Likitoka majini hukatika kwa shoka na tezo karibu kama ubao, na hapo fundi hana muda wa kupoteza, kwa kuwa likipigwa na jua na upepo hukauka na kugoma. Miimo ya milango, matao ya mihrabu, pembe za makaburi na karibu kila pambo unaloliona katika misikiti ya kale ya pwani yetu limechongwa kwenye jiwe hilo.

Usiridhike kuutazama mwimo wa namna hiyo kwa mbali. Sogea mpaka uso ukaribie jiwe. Utaona vitundu vidogo mno, vimepangana maelfu kwa maelfu, kila kimoja kilikuwa makazi ya kiumbe wa baharini. Mstari wa fundi umepita juu yao, umekata kitundu hiki katikati na kile pembeni, na haukuyumba. Jiwe lenye vitundu huudanganya mkono. Chombo hupenda kukimbilia kwenye shimo. Aliyechonga mstari ulionyooka kwenye jiwe hilo, tena likiwa linakauka mbele yake, alijua uzito wa kila pigo kabla ya kulipiga. Mimi kila nikiutazama mstari huo nahisi nimesimama mbele ya mtu aliyetulia kabisa.

Lakini moyo wa kazi ni chokaa. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati huachwa tundu la kutilia moto, na juu ya magogo hurundikwa mawe ya matumbawe. Hilo ndilo tanuu. Upangaji wake ni elimu nzima. Kuni zikiegemea upande mmoja, rundo huanguka kabla mawe hayajaiva, na kazi yote imepotea. Mawe yanataka joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, na hakuna kipimo ila rangi ya moto na uzoefu wa aliyekaa nao usiku kucha. Kuni zikimalizika, mawe yameshuka chini, meupe, mepesi mno kuliko yalivyopandishwa, kwa sababu hewa ya ukaa iliyokuwemo ndani yake imetoka. Kisha humwagiwa maji. Hapo huchemka yenyewe bila moto, yakafura, yakapasuka na kuwa unga.

Anayedhani sasa anaweza kujenga amekosea. Chokaa mbichi huunguza ngozi, na ikipakwa ukutani kabla ya wakati wake huendelea kufura na kuutoboa ukuta. Lazima ifunikwe na unyevu wake, ilazwe wiki nyingi, na fundi anayejiheshimu huiacha miezi. Fundi mzee humwambia kijana wake, "Mwanangu, hii haichokozwi, ikiwa tayari itakuita." Ikishapoa na kulainika, huchanganywa na mchanga, pengine na udongo mwekundu, ikawekwa ukutani kwa tabaka nyembamba. Kila tabaka husubiri lililo chini yake likauke. Na pale ukutani, mwaka baada ya mwaka, chokaa huvuta tena kutoka hewani ileile hewa iliyopoteza motoni, ikarudi kuwa jiwe. Tumbawe limekuwa unga, unga umekuwa jiwe tena, ila safari hii kwa umbo analolitaka binadamu.

Paa nalo lilikuwa na sheria zake. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, na boriti haziaminiki zikipita kiasi cha mita 3. Kwa hiyo vyumba vya majumba ya mawe ya pwani ni virefu na vyembamba, na ukumbi wa msikiti ukitaka kupanuka lazima uwe na safu ya nguzo. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha kokoto na chokaa, halafu watu hupanda na vigongo vidogo wakaipiga sakafu kwa mdundo mmoja, huku wakiimba, mpaka maji yote yatoke na uso uwe mgumu. Kupiga sakafu ni kazi ya kundi zima. Mtu mmoja akikosea mdundo, panabaki uvungu, na uvungu ndio unaoingiza mvua.

Sasa hesabu gharama. Magogo ya tanuu, vyombo vya kuchukua mawe baharini, wazamiaji, wachomaji, wachongaji, wapigaji sakafu, na miezi ya kusubiri chokaa ilale. Wote hao wanakula. Mkubwa aliyetaka msikiti wa mawe alihitaji ghala iliyojaa, na alihitaji watu wanaokubali kuja leo, kesho na mwezi ujao.

Hapo ndipo uchimbuzi wa wanaakiolojia umenifungua macho. Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walifanya kazi kwa miaka mingi Pujini na kaskazini mwa kisiwa. Kule Tumbe walikuta mabaki ya makazi makubwa ya karne ya 7 hadi ya 10, watu wengi, biashara ya bidhaa za ng'ambo, lakini nyumba zote za udongo. Makazi hayo yalihamwa. Katika karne ya 11 mji mwingine ukaanza jirani kabisa, ndio Chwaka, ukadumu mpaka karibu mwaka 1500. Chwaka ilijenga kwa mawe, lakini tazama ilijenga nini: misikiti na makaburi. Walio hai, pamoja na wakubwa, karibu wote waliendelea kulala katika nyumba za udongo na makuti. Chokaa ilipelekwa mahali ambapo kila mtu angeingia, au angepita na kusoma fatiha.

Hili lina maana kubwa ya kisiasa. Aliyejijengea kasri amejitenga na watu. Aliyejenga msikiti amewaita, na kila Ijumaa wanasimama safu moja naye ndani ya kuta alizozigharimia. Hawezi kudai msikiti ni wake, lakini hakuna asiyejua nani aliulisha mji wakati wa kuujenga. Ni mamlaka yasiyosema kwa sauti, na kwa hiyo ni magumu kuyapinga. Kaburi la mawe lilifanya kazi hiyohiyo kwa wajukuu: anayeweza kuonyesha babu yake amelala wapi ana haki ya kusikilizwa kwenye baraza.

Na chakula? Mwanaakiolojia Sarah Walshaw alichunguza punje zilizoungua na kubaki udongoni, akaonyesha kwamba watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele, na kwamba katika Chwaka mpunga ulipanda mpaka ukatawala. Mpunga ni zao la kazi nyingi na la heshima. Mpaka leo hakuna harusi ya Pemba inayokamilika kwa uji wa uwele. Fleisher naye aliyafuata mabakuli, ya kigeni na ya kufinyangwa hapahapa, akaona karamu kubwa zilikuwa uwanja wa kugombea ukubwa. Mwenye kulisha watu wengi kwa sahani nzuri ndiye aliyesikilizwa. Ukiunganisha hayo mawili unaiona siasa ya mji ule: wali unalisha mikono, mikono inachoma chokaa, chokaa inasimamisha msikiti, msikiti unaleta watu, na watu wanamwita mtu mmoja mkubwa wao.

Hata bakuli lenyewe liliishia mikononi mwa mwashi. Katika makaburi na misikiti mingi ya pwani, Kunduchi na Gedi zikiwemo, mafundi walipachika sahani za Uajemi na za China ndani ya chokaa, zikitazama nje. Chombo kilichokuwa cha karamu kikawa kumbukumbu ya karamu. Kukipachika si jambo dogo. Chokaa hunywea inapokauka, na fundi akiibana sahani mno huvunjika, akiilegeza hudondoka. Nyingi zimedondoka au zimeng'olewa na wezi, yamebaki mashimo ya duara. Yatazame mashimo hayo pia. Ukingo wake bado laini, umefuata mgongo wa sahani barabara.

Fundi wa maneno hakuwa nyuma. Pale Kizimkazi Dimbani, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107, kwa amri ya mtawala. Herufi zinapanda na kuchanua maua, na bado zinasomeka baada ya miaka zaidi ya 900. Kule Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walipata hazina ya sarafu zaidi ya 2000 za fedha, ndogo sana, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za mbali. Kwenye zile za fedha yamo majina ya watawala wa huku, kama Ali bin al-Hasan na Bahram bin Ali. Sarafu za jamii hiyo hubeba upande mmoja jina la mtawala na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zikapatana vina. Fikiria mchonga muhuri aliyekaa na kipande cha chuma kidogo kuliko kitufe, akiandika kinyumenyume, na bado akataka vina viwe sawa. Mtawala aliyepewa sifa hiyo alijua atazungushwa mkononi mwa kila muuza samaki.

Narudi kwa Mkama Ndume, kwa kuwa yeye ndiye anayetajwa kupinga haya yote. Pujini ni ya karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, na ni kweli haifanani na Chwaka. Ina boma la udongo na mawe linalozunguka eneo zima, ina kisima ambacho wenyeji husimulia kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa mfalme wasionane, na ina chumba chini ya ardhi. Ndani ya chumba hicho, kwenye lipu ya chokaa, fundi alifinyanga umbo la siwa.

Siwa, baragumu kubwa, ndiyo iliyokuwa ishara ya enzi pwani nzima. Ya Pate ni ya pembe za ndovu, ya Lamu ni ya shaba, na zote zimehifadhiwa Lamu. Haikupulizwa ila kwa jambo kubwa, na asiyekuwa na haki hakuigusa. Mwenye siwa ndiye mwenye mji. Huyu wa Pujini akaishusha chini ya ardhi, akaiweka ukutani kwa chokaa, mahali wasipofika watu wengi. Kufinyanga umbo juu ya lipu ni kazi ya muda uliohesabiwa: lipu ikiwa mbichi umbo huporomoka, ikishakauka haishiki. Aliyeifanya alifanya kwa mkono mwepesi, mahali penye giza, kwa mwanga wa taa.

Kwa hiyo sikubali kwamba Pujini ilijengwa kwa mateso peke yake. Huenda mawe ya boma yalibebwa kwa mijeledi, wasimulizi wana haki ya kukumbuka uchungu wa babu zao. Lakini mijeledi haichomi chokaa ikaiva, wala haiiamuru ilale miezi. Mtu aliyetishwa huharakisha, na chokaa iliyoharakishwa huupasua ukuta mwaka wa kwanza. Mahali fulani ndani ya utawala ule mkali alikuwepo fundi aliyepewa muda wake, na mfalme aliyejua kusubiri.

Katika karne zilezile, mbali sana na huku, waungwana wa Bosnia walikuwa na mashaka yanayokaribiana na haya. Mfalme wao alikuwa mmoja, lakini koo kubwa kama Kosača, Pavlović na Hrvatinić ziligawana nchi, zikamuinua mfalme zikimtaka na kumwangusha zikimchoka. Nao walitafuta ukubwa kwenye jiwe. Makaburi yao, yaitwayo stećci, ni mapande makubwa ya jiwe la chokaa yaliyochongwa mizabibu, wawindaji, watu wakicheza kwa duara, na mtu aliyeinua mkono wenye kiganja kikubwa. Ufalme huo ulianguka mwaka 1463 mbele ya majeshi ya Uthmaniya, makaburi yakabaki, na mwaka 2016 UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia. Kitu kimoja cha Bosnia nakitamani. Baadhi ya mafundi wao walichonga majina yao kwenye kazi. Mmoja ni Grubač, aliyefanya kazi Boljuni, karibu na Stolac. Kwetu tunalo jina la Haruni, tunalo la Bahram bin Ali, na hatuna la mwashi hata mmoja wa wale waliowafanya wajulikane.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Wareno walikuja karne ya 16 wakautaka mchele wa Pemba. Wamazrui wa Mombasa wakakishika kisiwa karne ya 18. Katika miaka ya 1820 Sayyid Said, mtawala wa Omani, akawatoa, na mikarafuu ikaja kubadilisha kila kitu. Chokaa haikufa. Ilivuka ikaenda kujenga Mji Mkongwe wa Unguja, na mafundi wachache wa huko bado wanaijua. Shambani Pemba saruji imechukua nafasi yake, na simlaumu anayejenga nyumba yake kwa saruji: mfuko unanunuliwa dukani asubuhi, ukuta unasimama jioni, na mikoko na matumbawe yetu yanapumzika.

Lakini ukuta wa kale si mahali pa saruji. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipitishi unyevu. Ukiipaka juu ya ukuta wa chokaa, maji ya mvua na chumvi ya bahari hufungiwa ndani, yakayaozesha mawe taratibu huku nje panaonekana papya, mpaka siku ukuta unapomeguka vipande. Wenye dhamana ya Chwaka, Pujini na Ras Mkumbuu, na hata kamati za misikiti ya zamani huko vijijini, nawaomba jambo moja kabla ya kuagiza mfuko wowote. Watafuteni mafundi wa chokaa waliobaki, wapeni vijana wa Konde, Tumbe na Mgogoni wawafundishe, na iacheni chokaa ilale mpaka iwe tayari. Na safari hii, fundi akimaliza, mwacheni aandike jina lake.